Ukitaka kuandika watu mashuhuri wa kwenu, anza na daftari la tajiri

Mwalimu mmoja kijana ameniandikia: "Shikamoo dada. Nimesoma makala yako ya watu wa Talbot. Na mimi nataka kuandika watu mashuhuri waliozaliwa wilayani kwetu zamani, lakini kila ninayemuuliza ananitajia machifu wawili na kanali mmoja, basi. Nifanyeje?"

Marahaba, mwalimu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna makala kama hiyo kichwani, inasubiri tu muda.

Talbot ni kaunti ya mashamba katika jimbo la Maryland, upande wa mashariki wa Ghuba ya Chesapeake. Kutoka Baltimore ninakoishi ni saa moja na ushee kwa gari. Ardhi yake ni tambarare, maji ya ghuba yameingia nchi kavu kwa mahori mengi, watu wanalima mahindi na soya, wanavua kaa na chaza. Nilianza kwenda siku zangu za mapumziko, nikitoka zamu ya usiku ya kulea wazee. Wenzangu walikuwa wanalala, mimi nasoma vibao vya barabarani.

Ukiomba majina ya wakubwa waliozaliwa pale, unapewa bila kusubiri. John Dickinson, amezaliwa mwaka 1732 kwenye shamba la tumbaku la Crosiadore karibu na Trappe. Barua zake za kupinga kodi za Waingereza, alizoanza kuzitoa mwaka 1767, zilisomwa makoloni yote ya Waingereza kule Amerika, halafu mwaka 1776 wenzake wanatia saini Tangazo la Uhuru wa Marekani, yeye hakutia. (Familia yake ilihamia Delaware akiwa bado mtoto, kwa hiyo Delaware nao wanamdai. Usiogope ugomvi wa namna hii, mwandike tu, useme alihama.) Yuko Tench Tilghman, wa mwaka 1744, mpambe wa George Washington, ambaye mwaka 1781 ndiye aliyepeleka Philadelphia habari kwamba Waingereza wamesalimu amri Yorktown, huku homa inamtesa njia nzima. Yuko Edward Lloyd wa tano, wa mwaka 1779, bwana wa shamba kubwa la Wye, aliyekuja kuwa gavana wa Maryland. Hao hawatakusumbua, kumbukumbu zao zimetunzwa.

Kazi iko kwa Frederick Douglass.

Alizaliwa mtumwa karibu na kijito cha Tuckahoe, kaunti hiyohiyo, akaitwa Frederick Augustus Washington Bailey. Akatoroka mwaka 1838, akawa msemaji ambaye Marekani nzima ilimjua, akafika hadi kuketi na Rais Lincoln. Lakini siku yake ya kuzaliwa hakuijua. Alikisia mwaka 1817, akafariki mwaka 1895 bila uhakika. Na jibu lilikuwepo! Aaron Anthony, bwana wake wa kwanza, ambaye pia alikuwa msimamizi mkuu wa mashamba ya Lloyd, alikuwa na daftari la watumwa wake, na humo ameandika mtoto wa Harriet, Frederick Augustus, Februari 1818. Mama mzazi hakuruhusiwa kuishi na mwanawe. Tajiri alikuwa na tarehe kwenye kabati.

Ndiyo maana nakwambia, mwalimu: anza na daftari. Wanaosifu hupamba, anayehesabu mali hana sababu ya kupamba, anataka hesabu yake itimie. Waulize wazee, ndiyo, lakini anza na daftari.

Ila daftari likishakupa jina na mwezi, limemaliza. Halitakwambia kwamba mtoto yule alilelewa na bibi yake, Betsy Bailey, mwanamke aliyesifika mtaa mzima kwa kusuka nyavu na kuingia majini mwenyewe kuvua, na kwa mkono wake wa baraka kwenye viazi vitamu. Majirani walimwita awapandie mbegu, wakiamini akizigusa yeye zitashika. Halitakwambia kwamba kule Wye watoto walimwagiwa uji mzito wa mahindi kwenye kihori cha mbao chini, wakaugombea, huyu anachota kwa gamba la chaza, yule kwa mkono, na asiye na mbio akalala njaa. Hayo kayasimulia Douglass mwenyewe. Kwa hiyo daftari kwanza, halafu maneno ya mwenyewe kama yapo.

Hapo ndipo mhariri mmoja alinikwaza. Nilimpelekea makala, akanijibu kwa mstari mmoja: wasomaji wetu wanawataka Washington na Lincoln, haya ya bibi na viazi peleka kwenye blogu. Nikayaleta kwenye blogu. Ndiyo makala iliyosomwa kuliko zote nilizowahi kuandika, na yeye juzi kaniuliza kama nina nyingine. Sijamjibu. Mniwie radhi, bado inaniuma.

Ndugu zangu, tuache kuandika kwa kuwapendeza wahariri. Tuandike kilichoko kwenye daftari. Na tukishasoma, tutie miguu: nenda mahali penyewe. Douglass naye alirudi. Mwaka 1878, tayari mtu mzima mwenye jina, alikwenda Tuckahoe kutafuta kibanda cha bibi yake. Kibanda hakikuwepo tena, akachukua udongo wa pale akaenda nao nyumbani. Nenda pia uangalie nani kajengewa sanamu na nani hakujengewa. Mbele ya mahakama ya Easton, makao ya kaunti, sanamu ya Douglass imesimamishwa mwaka 2011. Kwa zaidi ya miaka kumi ilishiriki uwanja mmoja na mnara wa vijana wa Talbot waliopigania upande wa wenye watumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mpaka mnara huo ukaondolewa mwaka 2022. Habari hiyo huipati ukikaa na simu kitandani.

Sasa wewe, mwalimu. Machifu wako wawili na kanali waandike, aya moja kila mmoja inawatosha. Halafu nenda parokiani uombe kitabu cha ubatizo cha zamani kuliko vyote, na uulize orodha za kodi ya kichwa ziliishia wapi. Tafuta jina linalojirudia bila cheo. Ukipata ukurasa, upige picha unitumie. Nikipata ruhusa kazini nakwenda Annapolis kwenye hifadhi ya nyaraka, kufuatilia mgawanyo wa mali ya Anthony, ule ambao Douglass anasema watu walipangwa pamoja na farasi, kondoo na nguruwe wapewe bei. Nataka kuona kama Betsy naye waliandika bei gani.