Kabla ya kuisoma picha ya delta, jua maji yalikuwa wapi

Wengi wanaoanza kazi ya picha za satelaiti huvutiwa na delta ya Rufiji, pwani ya Tanzania, nao wana haki. Mto unatoka magharibi ukiwa mmoja, unatawanyika kuwa milango mingi, na katikati yake kumejaa mikoko ya karibu hekta 50,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki. Mbele yake kuna kisiwa cha Mafia, na kati ya kisiwa na bara utaona maji ya kahawia yakififia polepole hadi kuwa samawati. Picha ni za bure, za satelaiti za Landsat na za Sentinel-2 zote, kwa hiyo anayetaka kujifunza hana kizuizi cha fedha.

Ninalosisitiza kuliko yote ni hili: usichore mstari wa pwani kabla hujajua kama maji yalikuwa yamejaa au yamepwa picha ilipopigwa. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa kuliko yote, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hupita mita 3. Tope la mdomoni mwa mto limelala karibu sawa na bahari. Pale ambapo ardhi inashuka mita 1 tu kwa kila mita 500, maji yakishuka mita 1 ukingo unasogea nusu kilomita, na hiyo ni zaidi ya pikseli 16 za Landsat, yaani vile viraba vidogo vinavyounda picha. Mtu anaweka picha mbili za miaka tofauti, anaona nchi kavu imeongezeka, anaandika kwamba delta inakua. Kumbe moja ilipigwa maji yamejaa na nyingine yamepwa.

Kuna jambo hapa ambalo vitabu vya kuanzia havilisemi waziwazi. Landsat na Sentinel-2 hupita kwetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, siku zote. Mvuvi yeyote wa pwani hii anajua kwamba siku za bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, na saa hizo za asubuhi huwa yamepwa kabisa. Siku za maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inapokuwa ndogo, saa hizohizo yanakuwa yamejaa, lakini ni kujaa kule kudogo. Maana yake ni kwamba satelaiti hizi hukuonyesha bamvua likiwa limepwa tu. Hata ukipakua picha za miaka kumi, maji makuu yakiwa yamejaa hadi ndani ya mikoko huyapati. Kwa hayo nenda kwenye rada ya Sentinel-1, inayopita alfajiri na jioni, wakati maji ya bamvua bado yako juu. Tena rada haizuiwi na mawingu, jambo utakalolishukuru sana msimu wa masika, mto unapofurika na picha za kawaida zimefunikwa. Iangalie tu siku ya upepo mkali, kwa sababu bahari iliyochafuka inang'aa kwenye rada hadi unaidhania nchi kavu.

Jedwali la maji ukilikosa, chukua tarehe ya picha uigeuze kuwa ya mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua liko hapo au linafuata siku moja mbili baadaye. Tarehe 8 na 22 ni za maji mafu. Ni hesabu ya dakika chache, na inakuokoa na makosa ya ripoti nzima.

Rangi nazo zina mitego yake. Maji yenye tope na maji safi yaliyo juu ya mchanga mweupe yote huonekana ya kung'aa. Fungua bendi nyekundu, yaani sehemu ya picha iliyorekodi nuru nyekundu, peke yake: maji safi huimeza nuru nyekundu ndani ya mita chache, hivyo mchanga wa chini unafifia, ilhali tope linaloelea karibu na uso wa maji linaendelea kuonekana. Fanya zoezi hilo upande wa Chole, kisiwa kidogo karibu na Mafia, kwenye matumbawe, kisha rudi mdomoni mwa mto. Utaelewa haraka kuliko kwa maelezo yangu.

Tope hilo mara nyingi huelekea kaskazini, kwa kuwa mkondo wa bahari wa pwani yetu unakwenda huko mwaka mzima, kwa kasi zaidi wakati wa kusi. Wakati wa kaskazi mkondo hupungua nguvu na tope hukaa karibu zaidi na milango. Kwa hiyo usilinganishe Januari na Julai.

Kwa mabadiliko ya miaka mingi, mimi huuamini ukingo wa mikoko kuliko ukingo wa maji. Mkoko hausogei kila baada ya saa sita. Ukikatwa, ukimezwa na mmomonyoko au ukiota kwenye tope jipya, hiyo ni habari ya kweli. Angalia hasa upande wa kaskazini wa delta, ambako maji mengi ya mto yalihamia mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambako mashamba ya mpunga yameingia ndani ya mikoko. Tumia infraredi, nuru ambayo macho hayaioni, pamoja na bendi za mawimbi marefu zaidi, maana msitu uliosimama kwenye tope bichi huwa mweusi zaidi kwenye bendi hizo za mawimbi marefu kuliko msitu wa nchi kavu.

Na kazi ipo tele. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye mto huuhuu, lilianza kujazwa Desemba 2022, na bwawa lolote huzuia sehemu ya mchanga na tope lililokuwa likishuka kulisha delta. Anayeanza leo achague picha za kabla na za baada ya hapo, za mwezi uleule wa mwaka na tarehe ileile ya mwezi mwandamo, aziweke pamoja, aanze na ukingo wa mikoko unaotazama bahari.