Mnyororo wa Nanga Kwanza, Winchi Baadaye

Wengi wanaotayarisha mashua ya tanga huanza kwa kuulizia winchi, mashine ya kuvutia nanga. Anza na mnyororo, maana winchi huchaguliwa kwa kuufuata.

Urefu hupatikana kwa kuhesabu maji yakiwa yamejaa, hata kama umetia nanga yakiwa yamekupwa. Mwambao wetu, Mombasa, Tanga hadi Unguja, maji ya bamvu (yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine) hupanda karibu mita 4. Ukitia nanga kwenye mita 5 maji yakiwa yamekupwa, baada ya saa sita una mita 9. Jumlisha mita 1 ya kimo cha omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, juu ya maji, unapata 10. Mnyororo mtupu unaachia mara tano ya hapo, yaani mita 50; mnyororo uliounganishwa na kamba, mara saba. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma kwa nguvu, zidisha. Aliyeachia mita 25 jioni akaona zinatosha, usiku mnyororo wake unakaza, unaivuta nanga kwenda juu badala ya kuilaza mchangani, nayo inaanza kuburura.

Kwa mashua ya mita 12, mnyororo wa milimita 10 uliochovywa zinki unafaa. Kila mita ina uzito wa kilo 2.3 hivi, kwa hiyo mita 50 ni kama kilo 115, zote omoni. Usiongeze mnyororo zaidi ya hapo. Ungia mita 40 za kamba ya nailoni ya milimita 16, iwe akiba ya maji marefu.

Sasa winchi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Gurudumu lake lina vishimo vinavyoshika pete za mnyororo, na minyororo ya milimita 10 haifanani yote. Kuna viwango viwili vya utengenezaji: wa DIN 766 una milimita 28 kutoka pete hadi pete, wa ISO 4565 una 30. Kwa macho huioni tofauti. Kwenye gurudumu, zile milimita 2 zinajikusanya pete baada ya pete, mpaka mnyororo unapanda juu ya vishimo, unaruka, na kuporomoka wote baharini. Kidole kilicho karibu hakisalimiki. Pima pete kumi kwa pamoja kabla ya kulipa.

Winchi ya wati 1,000 kwa umeme wa volti 12 hula takriban ampea 100 ikibeba mzigo. Waya wa milimita mraba 16, mita 8 kwenda na 8 kurudi, unapoteza karibu volti 2: mota inazunguka kwa uvivu, inachemka, na mwishowe inaungua. Weka wa 35 au 50, na fyuzi karibu na betri.

Chini ya winchi acha sentimita 30 wazi juu ya rundo la mnyororo, la sivyo mnyororo utarudi kukwama kwenye gurudumu.

Winchi haikuumbwa kushikilia mashua. Ukishatia nanga, funga kamba ya nailoni ya milimita 14, mita 8 hadi 10, kutoka mnyororoni hadi kwenye kigingi cha omo. Nailoni inanyumbuka na kumeza kishindo cha mawimbi. Wakati wa kung'oa, isogeze mashua mbele kwa injini, winchi ikusanye mnyororo uliolegea tu.

Ncha ya mwisho ya mnyororo ifunge ndani kwa kamba inayofika juu ya sitaha, usiifunge kwa chuma. Siku ya kulazimika kuacha nanga, kisu kitatosha.