Kabla ya kununua silo, jiulize mzigo utatokaje

Watu wengi wanaoniomba ushauri kuhusu silo, yaani pipa kubwa la kuhifadhia nafaka au chakula cha mifugo, huanza na tani. "Nataka ya tani mia mbili, nichukue ipi?" Nami huwarudisha nyuma kidogo: utaweka nini humo, na utakitoaje? Nimefanya kazi kwenye maghala ya nafaka na viwanda vya chakula cha mifugo kwa muda mrefu, na silo nyingi nilizokuta zikiwatesa wenyewe hazikuwa ndogo. Ukubwa ulitosha kabisa. Mzigo uliingia vizuri, kisha ukagoma kutoka, au ulitoka umeharibika.

Tuanze na hizo tani, maana zinapoteza wengi. Tani zilizoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji ni tani za kitu fulani, mara nyingi ngano au mahindi. Chukua silo yenye kipenyo cha mita 6 na kuta za urefu wa mita 8. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 226. Mahindi makavu yana uzito wa takriban kilo 720 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo silo hiyo itabeba tani 160 na ushei. Ijaze pumba za ngano, ambazo mita moja ya ujazo ni kama kilo 250 tu, na utapata tani 56. Silo ni ileile, bei ni ileile, na umebaki na theluthi moja ya ulichodhani umenunua. Hatari zaidi ni kinyume chake. Unga wa chokaa unaotiwa kwenye chakula cha kuku huweza kuzidi kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, na mtu akiumimina mpaka juu kwenye silo iliyopigiwa hesabu ya chakula kilichosagwa, miguu na koni, yaani sehemu ya chini inayosinyaa kuelekea mlango wa kutolea, vinabeba mzigo ambao havikutengenezewa. Muulize muuzaji mita za ujazo, kisha muulize nguvu za kuta na miguu zimepigiwa hesabu kwa uzito gani wa mita ya ujazo. Asiyeweza kujibu swali la pili, mimi sinunui kwake.

Sasa nije kwenye kutoka kwa mzigo, ambako ndiko fedha nyingi hupotelea.

Nafaka nzima hutiririka bila shida. Vitu vilivyosagwa, yaani mashudu, pumba, chakula cha unga, hushikana vikikaa, na zaidi vikiwa na mafuta au unyevu. Hapo hutokea mojawapo ya mambo mawili. La kwanza, mzigo hujenga kuba juu ya mlango wa kutolea: chini kumebaki wazi, juu kumejaa, na hakuna kinachoshuka. La pili, linachimbika shimo katikati kama kisima, unga wa katikati unatoka wote, na ule wa pembeni unabaki umeganda kwenye kuta. Hilo la pili lina udanganyifu ndani yake, kwa sababu kiwanda kinaendelea kufanya kazi na kila mtu anaamini mambo ni shwari. Kumbe kila mzigo mpya ukimiminwa unaingia kwenye kisima na kutoka kwanza, na ule wa zamani unakaa ukutani miezi na miezi, mafuta yake yakichacha, ukungu ukiota, wadudu wakizaliana. Mfugaji analetewa chakula kipya wiki hii, na wiki ijayo bonge la zamani limedondoka likaingia kwenye gunia lake.

Dawa iko kwenye koni na mlango, na lazima ichaguliwe kabla bati halijakatwa. Kwa nafaka nzima iliyo kavu, koni yenye mteremko wa nyuzi 45 inatosha. Kwa vitu vilivyosagwa omba nyuzi 60 au zaidi, ukuta wa ndani uwe laini, na mlango uwe mpana. Upana wa mlango ndio unaoamua kama kuba litasimama au litaanguka. Mteremko mkali una gharama yake. Kwa kipenyo cha mita 6, koni ya nyuzi 45 ina kimo cha mita 3, lakini ya nyuzi 60 inafika mita 5.2. Silo nzima inapanda juu, miguu inarefuka, na kipandishi cha ndoo, yaani mashine inayopandisha mzigo hadi juu ya silo, nacho lazima kiwe kirefu zaidi. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana bei nyepesi mara nyingi imefichwa kwenye koni iliyolala.

Ukienda kukagua silo iliyokwisha tumika, itazame koni kwa nje kabla ya kitu kingine chochote. Ukikuta mabonde ya nyundo, umepata historia yake yote. Watu wamekuwa wakiipiga ili mzigo ushuke, na kila bonde la nje ni kigongo kwa ndani, na kila kigongo ni mahali pengine pa unga kukwama. Nilikwenda kwenye kiwanda kimoja ambacho silo zake za mashudu zilikuwa na alama hizo kuzunguka koni nzima, na kijana mmoja alikuwa na kazi ya kugonga tangu asubuhi hadi jioni. Walikuwa wameuziwa silo za mahindi. Wengine hufunga mashine ya kutikisa. Inasaidia pale tu mlango ukiwa wazi na mzigo unashuka. Ukiitikisa mlango ukiwa umefungwa, unaushindilia unga uzidi kukamatana.

Vipi kuhusu silo ya sakafu bapa? Kwa nafaka nzima, nyingi, inayokaa muda mrefu, ni chaguo zuri, na kadiri ukubwa unavyoongezeka ndivyo gharama ya kila tani inavyoshuka. Ila jua kwamba mzigo ukiisha kutoka kwa uzito wake wenyewe, linabaki duara kubwa la nafaka pembeni, ambalo lazima lisukumwe na skrubu ya kufagia inayozunguka sakafuni. Usiponunua skrubu hiyo, utaingiza watu na makoleo. Mabaki yasiyofagiwa ndiyo mbegu ya fukusi wa msimu unaofuata. Kwa kitu kinachoingia na kutoka kila siku, sakafu bapa itakuchosha, weka koni.

Unyevu nao. Silo ya chuma imefungwa, na unyevu ulioingia nao utabaki nao. Mahindi ya kukaa miezi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13, soya chini zaidi, kama 11 au 12, kwa sababu ya mafuta yake. Ukizidisha hapo unaukaribisha ukungu, na baadhi ya ukungu wa mahindi hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kusaga wala kwa kupika chakula cha mifugo. Nunua kipima unyevu kizuri kabla hujanunua silo. Nasema hivyo kwa dhati kabisa: mtu asiyepima unyevu mlangoni ni afadhali abaki na magunia, kwa sababu gunia bovu linatupwa peke yake.

Hata nafaka kavu ina shida yake. Bati la nje likipoa usiku au msimu ukibadilika, hewa iliyo karibu na ukuta inashuka, ile ya katikati iliyo na joto inapanda ikibeba unyevu, na ikifika juu kwenye baridi inaacha maji. Ndiyo maana ukoko na kuoza huanzia juu katikati, wakati nafaka iliyopimwa siku ya kuingia ilikuwa safi. Feni ndiyo inayosawazisha joto hilo. Kwa kupoza tu, hewa ya mita za ujazo 5 hadi 10 kwa saa kwa kila tani inatosha. Kukausha kunataka mara kumi ya hapo au zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa "ina feni," uliza ni feni ya kupoza au ya kukausha, maana nimeona watu wakimimina mahindi mabichi kwenye silo ya feni ndogo wakitegemea yakauke. Nyaya za kupimia joto ndani ya mzigo zina bei, lakini kwenye silo kubwa sioni namna ya kuzikwepa. Sehemu moja ikipanda joto wiki hadi wiki ilhali nyingine zimetulia, ama kuna wadudu au kuna unyevu hapo, na unayo nafasi ya kuuhamisha mzigo kabla haujaoza.

Chekecha kabla ya kujaza. Chenga na vumbi hujikusanya katikati, chini kabisa ya mdomo wa kumiminia, na hewa ya feni haipiti hapo. Njia nyepesi ya kuupunguza mkusanyiko huo ni kujaza silo, kisha kutoa kiasi kidogo kutoka mlango wa katikati mpaka kilele kigeuke bonde. Unachotoa kimejaa chenga, kitumie kwanza.

Kama utafukiza kwa fosfini, gesi ya kuulia wadudu wa nafaka, silo lazima izibike. Gesi hiyo inaua pale inapokaa kwa kiwango cha kutosha kwa siku kadhaa. Ikivuja, wanaobaki hai ni wadudu wagumu kuliko wenzao, na wao ndio watakaozaa. Silo ya mabati yenye mikunjo iliyofungwa kwa bolti huvuja kwenye viungo isipozibwa vizuri tangu inapojengwa. Na kwa kuwa silo inayofukizwa haiguswi siku zote hizo, naona bora silo tatu za wastani kuliko moja kubwa. Utatenganisha mzigo mpya na wa zamani, utafukiza moja huku ukitumia nyingine, na likitokea baya halitakula akiba yote.

Kuhusu msingi, mpe kazi hiyo mhandisi na apime udongo. Mwaka 1895 Janssen, mhandisi Mjerumani, alionyesha kwamba nafaka haisukumi chini kama maji: sehemu ya uzito wake hushikwa na kuta kwa msuguano. Kwa hiyo kuta za silo hubeba mzigo mkubwa wa kushuka, na zikielemewa upande mmoja hujikunja. Ndiyo sababu nafaka hutolewa katikati kwanza, milango ya pembeni baadaye. Anayeanza na mlango wa pembeni kwa sababu lori limeegeshwa huko anaweza kuipinda silo nzima kwa siku moja. Mara ya kwanza ijaze kidogo kidogo, ukipima kama msingi unatitia sawasawa pande zote.

Kwa bati lenyewe sitasema mengi: uliza gramu za zinki kwa mita ya mraba. 350 ni ya kawaida, 600 ni ya mahali pa chumvi na unyevu. Silo za faiba zinafaa sana nje ya mabanda, kwa kuwa hazipati kutu na ndani ni laini.

Kwa matangi ya vimiminika, kosa lile la uzito hujirudia. Lita 10,000 za maji ni tani 10. Lita hizohizo za molasi ni tani 14. Tangi la plastiki la maji likijazwa molasi linavimba tumbo, na siku moja linapasuka. Uliza tangi limetengenezewa kimiminika chenye uzito gani. Molasi isichanganywe na maji ndani ya tangi, itachachuka. Mabomba yawe mapana. Na ukiipasha ili ipite, nyuzi 40 za Selsiasi zinatosha. Mafuta ya mimea yasiguse shaba popote, kwenye vali wala kwenye bomba, kwa sababu shaba huharakisha kuchacha. Dizeli isiwekwe kwenye tangi lililopakwa zinki ndani. Na kila tangi liwe na tundu la kupumulia lililo wazi, maana pampu ikivuta huku tundu limeziba, tangi la chuma hujikunja kwa ndani. Jenga ukuta wa kuzuia mmwagiko unaoweza kubeba asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote.

Limebaki la uhai wa watu. Vumbi la nafaka hulipuka. Mwaka 1878 kinu cha Washburn kule Minneapolis, Marekani, kililipuka kwa vumbi la unga na watu 18 wakafa. Kinachohitajika ni vumbi lililotanda hewani, mahali palipofungwa, na cheche, ambayo huweza kutoka kwenye beringi iliyokauka grisi au mkanda uliokwenda upande. Kwa hiyo kipandishi cha ndoo kiwe na matundu ya kutolea mlipuko nje, na beringi zifikike kwa urahisi ili zipakwe grisi.

Nafaka inayotiririka humzamisha mtu kwa sekunde chache tu. Ikimfika kiunoni hawezi tena kujitoa. Wengi wanaofia humo waliingia kuvunja ukoko au kuba huku mlango wa chini ukiwa wazi. Hakuna kuingia kabla swichi kuu haijafungwa kwa kufuli na ufunguo kukaa mfukoni mwa anayeingia, hewa imepimwa, kamba imefungwa mwilini, na mwenzake yuko mlangoni. Hayo yote yanategemea silo yenyewe, kwa hiyo yaandike kwenye oda: nguzo imara ya kufungia kamba juu ya paa, ngazi yenye kizuizi cha mgongo na jukwaa la kusimama, mlango wa juu unaopitisha mtu aliyevaa mikanda, madirisha ya kukagulia mzigo bila kuingia, na tundu kwenye koni la kupitishia fimbo ukiwa nje. Kiwandani, bati likiwa bado mezani, ni kazi ya saa chache. Silo ikishasimama na kujaa, kuitoboa kunataka kukata chuma kwa moto karibu na vumbi, na mpaka uihamishe nafaka yote kwanza.