Maswali na Majibu: Dhamira Ukutani, Kitabu Kabatini

Barua za vikundi vya jamii zimejaa tena, kwa hiyo wiki hii nawajibu wao peke yao. Wasomaji wa siku nyingi mnajua nitaelekea wapi. Vumilieni.

Tunaanzisha CBO, yaani kikundi cha kijamii cha wenyeji, hapa Kasese, Uganda. Jina na nembo tayari tunavyo. Tunaomba utuandikie dhamira na maadili, au ututumie mfano wa shirika lingine tuurekebishe. – Katibu, Kasese

Nembo imetangulia dhamira! Haya.

Mfano sikutumii, maana nimeshausoma kwenye mabango kuanzia Busia mpaka Arua: "Kuziwezesha jamii za pembezoni kufikia maendeleo endelevu na jumuishi." Chini yake uadilifu, uwazi, uwajibikaji. Ukifuta jina la shirika moja ukaweka la jirani yake, hata wafanyakazi wao hawatashtuka.

Kaeni chini mjibu mambo haya: nani ana shida, shida gani, wapi, na ninyi mtafanya nini ambacho leo hakifanyiki. Kama kinachowasumbua ni mto Nyamwamba, ule uliofurika Mei 2020 ukaharibu hata hospitali ya Kilembe, basi andikeni Nyamwamba, tena kwa jina lake. Siku mfadhili atakapokuja na mradi wa cherehani, karatasi yenu itawaambia kama mradi huo ni wenu au ni wake. Ile ya "maendeleo endelevu" haiwezi kumkatalia mtu yeyote, na ndiyo sababu inapendwa.

TASO, shirika la kuwahudumia wenye UKIMWI, ilianza mwaka 1987 wakati Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo hospitali ya Mulago, alipokuwa ametoka kumzika mumewe aliyefariki kwa UKIMWI. Aliokusanyika nao wengi walikuwa wagonjwa wenyewe au wana wagonjwa nyumbani. Hakuna aliyehitaji mshauri wa kuwaeleza wanamhudumia nani.

Kuhusu maadili, nendeni Kigezi mkawatazame watu wa engozi. Kule milimani, gari lisikofika, mgonjwa hulazwa kwenye machela iliyosukwa, wanaume wakaiweka mabegani na kushuka nayo hadi barabarani, wakipokezana njiani. Kila kaya ina zamu. Asiyetokea anatozwa faini, na jina lake linasomwa mbele ya kikao. Ubaoni hawajaandika "mshikamano", lakini wana daftari la faini. Vikundi hivyo vina uzito kiasi kwamba hospitali ya Bwindi, ilipoanzisha bima yake ya afya ya jamii mwaka 2010, ilipitia kwao kuandikisha watu badala ya kuunda kamati mpya. Kwa hiyo, ndugu katibu, kwa kila neno zuri mtakaloliweka kwenye orodha, andikeni pembeni yake anayelivunja anafanywa nini. Neno lisilo na adhabu lifuteni. Orodha itakuwa fupi, na bango litawagharimu kidogo.

Tumesajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya kusajili kampuni, na cheti tunacho. Kuna kingine kinachohitajika? – Mbale

Kipo, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Cheti cha URSB kinasema kampuni yenu ipo. Kibali cha kufanya kazi kama NGO ni kitu kingine, kwa mujibu wa Sheria ya NGO ya 2016. Mwaka 2019 serikali ilipofanya uhakiki, mashirika zaidi ya 12,000 yalitoka kwenye daftari, na mengine yalikuwa na vyeti vizuri tu ndani ya fremu. Tangu marekebisho ya 2024, Ofisi ya Taifa ya NGO imerudishwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa hiyo msitafute bodi ya zamani. Tena kibali pekee hakitoshi kuwaingiza wilaya yoyote mnayotaka: mnahitaji idhini ya kamati ya wilaya ya kusimamia NGO na makubaliano ya maandishi na serikali ya mtaa ya huko.

Kama kazi yenu haivuki gombolola moja, yaani tarafa moja ndani ya wilaya, achaneni na haya yote mjisajili kama CBO wilayani. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa gombolola, mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Wengi wanakimbilia kuwa NGO kwa sababu CBO inaonekana ndogo. Udogo ni nafuu.

Shirika lisilo la faida linaruhusiwa kufanya biashara? – Mama muuza mboga, Owino

Ndiyo, mama. Kinachokatazwa ni wanachama kugawana faida hiyo.

Na kwa kuwa umegusa pesa: mkimwajiri mtu kwa mshahara unaovuka kiwango kisichotozwa kodi, kodi ya mshahara (PAYE) mnaikata, hata kama mamlaka ya mapato (URA) imewasamehe ninyi kodi ya mapato. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, nao mnaulipa, asilimia 10 kutoka kwa mwajiri na 5 kwenye mshahara wa mfanyakazi, na tangu 2022 hakuna kisingizio cha kuwa na wafanyakazi wachache. Mashirika yanayopigania haki za wafanyakazi huku mlinzi wao wa getini hana NSSF, ninayajua, na yenyewe yanajijua.

Mimi ni mweka hazina. Wanachama wanataka kukiona kitabu cha fedha. Mwenyekiti, ambaye ndiye mwanzilishi, anasema mahesabu ni siri ya ofisi na wanachama wanatumwa na maadui. Nifanye nini? – Jina limehifadhiwa, Masaka

Wafungulie kitabu.

Ningeishia hapo, lakini hili ndilo swali lenyewe la wiki hii, mengine yote ni matawi yake. Tazama kikundi cha kuweka na kukopa chini ya mwembe, cha akina mama ambao wengine hawakumaliza darasa la nne. Sanduku la chuma lina kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, na mwenye sanduku nyumbani kwake hana hata mmoja. Siku ya mkutano kila mmoja anakuja na ufunguo wake, sanduku linafunguliwa mbele ya wote, pesa zinahesabiwa kwa sauti, na kabla ya kuondoka jumla inatajwa ili kila mtu aende nayo kichwani. Wiki ijayo, kabla ya kufungua, mtu anaulizwa: tuliacha shilingi ngapi? Akikosea, wanamzomea. Hakuna neno "uwazi" lililotamkwa pale.

Sasa linganisha na ofisi yenu yenye kompyuta na mhasibu.

Tena historia yetu inatosha. Agosti 2005 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulisimamisha misaada yake Uganda kwa sababu ya usimamizi mbovu, na tume ya Jaji James Ogoola ikaundwa kuchunguza. Mwaka 2009 mahakama ya kupambana na rushwa ilimhukumu Teddy Seezi Cheeye miaka 10 jela kwa ubadhirifu wa zaidi ya shilingi milioni 100 za mfuko huo, zilizopitia shirika lake. Shirika liliitwaje? Uganda Centre for Accountability. Uwajibikaji ulikuwa kwenye jina lenyewe, juu ya barua na juu ya mlango.

Kwa hiyo mwenyekiti akikuambia "maadili yetu ni uwazi", usimbishie. Muulize swali moja mbele ya kikao: wanachama wakitaka kumwondoa, wanafuata kifungu gani cha katiba? Kama kifungu hakipo, hicho si kikundi cha jamii. Ni duka la mtu ambalo jamii imeombwa kusimama mlangoni kwa ajili ya picha. Waanzilishi wengi ni watu wema, sikatai. Wamelala njaa, wameuza mbuzi ili kikundi kisimame. Lakini uchungu huo huo ndio unaowafanya waone kila swali kuwa ni tusi, na mwisho mke anakuwa katibu, mtoto anakuwa afisa miradi na shemeji anakuwa mkaguzi. Wekeni ukomo wa vipindi kwenye katiba mapema, wakati mwanzilishi bado anapendwa. Mkingoja mpaka mumchoke, mtaugawa ukoo.

Na wewe mweka hazina, jilinde. Usitie sahihi hundi ambayo kiasi hakijajazwa. Nakala za risiti ziwe na makazi mengine nje ya ofisi. Mambo yakiharibika, sahihi itakayotafutwa kwanza ni yako.

Sisi ni wakimbizi kutoka Kongo, tupo kambi ya Nakivale. Jirani ameniambia mkimbizi haruhusiwi kuunda shirika Uganda. Ni kweli? – Baba wa watoto wanne, Isingiro

Jirani amekosea. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kujiunga na vyama visivyo vya kisiasa na visivyo vya faida. Shirika la YARID la Kampala lilianzishwa na vijana wakimbizi wa Kikongo mwaka 2007, na sehemu ya kazi yao ya mwanzo ilikuwa kufundisha Kiingereza, kwa sababu mtu mwenye Kiswahili, Kifaransa na Kilingala alikuwa anakwama sokoni kwa kukosa lugha ya kuelewana na wenyeji. Walianza na shida waliyokuwa wanaiishi.

Angalizo mbili, baba. Neno "visivyo vya kisiasa" lichukulieni kwa uzito. Siasa za Kivu msizilete kwenye mikutano ya kikundi, hata kama mioyo inawaka. La pili, mtafuatwa na mashirika makubwa yatakayotaka jina lenu kwenye andiko lao ili waonekane wanafanya kazi na wakimbizi. Ulizeni kabla ya kusaini: kwenye bajeti hiyo, sisi tuko mstari gani, na ni shilingi ngapi? Kama jibu ni "mtapewa nauli na soda", ninyi ni pambo. Kataeni kwa adabu.

Mfadhili anataka picha za watoto tunaowasaidia, "zenye kugusa moyo". Tupige? – Jinja

Picha ya mtoto ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Hilo ni la kisheria.

La kwangu mimi ni hili: mtoto huyo atakuwa kijana, atakuwa na simu, na siku moja atajiona mtandaoni akiwa na kamasi na nzi, jina la kijiji chake limeandikwa chini. Wazazi wengi wa watoto hawa wapo hai, wanaishi hapo hapo barabara ya pili, na hawajaulizwa. Mpigie mfadhili picha ya kisima, ya darasa, ya kitabu cha mahudhurio. Akisema haimgusi moyo, moyo huo una tatizo lake.

Tangu Marekani ifunge USAID, shirika lake la misaada, hatuna hata pesa za pango. Tufunge ofisi? – Mkurugenzi, Gulu

Ofisi fungeni, kazi msiifunge kabla ya kuiuliza swali gumu. Amri ya kusimamisha misaada ilitoka Januari 2025, na Julai mosi mwaka huo USAID ikaacha rasmi kuendesha misaada ya nje. Watu walipoteza kazi, wagonjwa walihangaika kutafuta dawa, na sitawacheka waliolia.

Lakini tulijifunza jambo. Kuna vikundi vilivyokosa ruzuku na bado vikakutana Jumapili iliyofuata, kwa sababu wanachama walikuwa wanachanga tangu zamani hata kama ni shilingi elfu mbili. Na kuna vilivyotoweka pamoja na gari la mradi. Waiteni watu mliokuwa mnawahudumia, wote, bila posho, muone wanakuja wangapi. Wakija, mnalo shirika. Rudisheni ada ya uanachama, ombeni chumba kanisani, msikitini au kwenye jengo la gombolola, na mpunguze kazi mpaka ifikie pesa mlizonazo. Wasipokuja, mlikuwa mnaendesha mkataba, na mkataba umekwisha. Walipeni wafanyakazi stahili zao kabla ya kuuza viti.

Mheshimiwa mmoja ametupa mahema na viti 100. Anataka jina lake liandikwe juu ya kila hema. – Mukono

Sheria inataka msiwe upande wa chama chochote. Rudisha, au andikeni jina la kikundi peke yake mumtumie picha. Atakachoamua baada ya hapo kitawaambia alikuwa ametoa nini.

Wajumbe hawaji kwenye kikao bila posho. – Lira

Basi hao si wajumbe.

Tumeunda kikundi haraka ili tupate pesa za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya muluka. Tunahitaji dhamira? – Kibuku

Hapana. Mnahitaji chifu wa muluka, yaani wa eneo lenu dogo ndani ya gombolola. Pesa za PDM ni shilingi milioni 100 kwa kila muluka kwa mwaka, zinapitia SACCO, yaani chama cha kuweka na kukopa, ya muluka, na mnufaika anakopeshwa hadi milioni moja ya mradi wake. Huo ni mkopo, unarudishwa. Hakikisheni majina yenu yapo kwenye orodha ya kikundi cha biashara husika, yanafanana herufi kwa herufi na yale ya kitambulisho cha taifa, na msimlipe mtu yeyote "hela ya fomu".