Msitu huu ni wa kijiji au wa halmashauri?

Tangu mvua zianze nimepata maswali mengi kuhusu mito, mkaa na taka, na karibu yote yanagusa halmashauri zetu. Nimechukua matano. La pili nimelijibu kwa urefu kwa sababu limenikaa moyoni.

Shikamoo. Nalima mchicha kando ya mto, bustani aliyoianza marehemu baba. Mgambo wa kata ameniambia niondoke kwa kuwa nipo ndani ya mita 60. Ni kweli kuna sheria hiyo?
*Mkulima, Morogoro*

Marahaba. Ipo, na haikutungwa na mgambo wala diwani. Ni kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani, baharini au bwawani.

Najua inauma, hasa kwa ardhi ya urithi. Lakini udongo ukitifuliwa ukingoni, mvua ya kwanza inausomba. Mto unajaa mchanga, kina kinapungua, kisha unatafuta njia mpya, mara nyingi kupitia hiyo hiyo bustani. Kama mto wako ni mmoja wa ile inayoingia bwawa la Mindu, udongo wako unakwenda kujaza bwawa linalonywesha mji mzima.

Usikubali kuonyeshwa mpaka kwa kidole, hata hivyo. Nenda ofisi ya halmashauri, omba afisa mazingira aje na futi kamba apime na kuweka alama mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Huenda nusu ya bustani ipo salama. Sehemu itakayobaki ndani ya alama panda mabingobingo au mikuyu. Mikaratusi usiipeleke karibu na maji kabisa. Na halmashauri inayofyeka mboga za mtu bila kupima kwanza inakosea, hata kama sheria iko upande wake.

Kijiji chetu kina msitu mkubwa. Watu wanatoka mjini na vibali, wanachoma mkaa, sisi tunabaki na visiki. Msitu ni wa nani?
*Mjumbe wa kamati ya maliasili, Handeni*

Jibu lipo kwenye karatasi zenu. Msitu ulio ndani ya ardhi ya kijiji ni wa kijiji. Lakini kama hamjautenga rasmi kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kuwa msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji, watu wanauona kama pori lisilo na mwenyewe: kibali kinatolewa kwingine na fedha zinaishia kwingine. Ukishatengwa, kijiji ndicho kinachoamua nani avune, na mapato ya mavuno yanaingia kwenye akaunti ya kijiji.

Babati walilijua hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuuchukua msitu wa Duru-Haitemba uwe hifadhi yake. Wanakijiji waliposikia, wengine wakawahi kukata wapate chochote kabla haujaondoka mikononi mwao. Mpango ulipobadilishwa na msitu ukaachwa kwa vijiji, watu wale wale wakaanza kuulinda. Kila nikisikia afisa akisema wanavijiji ni waharibifu, nawakumbuka watu wa Duru.

Kwa upande wa mkaa, tazameni Kilosa. Kuanzia mwaka 2012 vijiji kadhaa vya wilaya hiyo vilitenga sehemu ndogo ya misitu yao kwa ajili ya mkaa na kuigawa vitalu vya mita 50 kwa 50. Wanavuna kama ubao wa drafti: kitalu kimoja kinakatwa, cha jirani kinaachwa. Visiki having'olewi, vinaachwa vichipue, na kitalu kilichovunwa kinapumzika miaka 24. Mnunuzi analipa ushuru kijijini. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, zimeleta maji, na zinawalipa wanaofanya doria.

Safari yenyewe ni ndefu. Mpaka wa msitu upimwe na vijiji jirani vikubali. Muwe na mpango wa matumizi bora ya ardhi na mpango wa usimamizi wa msitu. Kisha sheria ndogo zipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, zipelekwe baraza la madiwani ziidhinishwe. Hapo mwisho ndipo wengi hukwama. Nimeona sheria ndogo nzuri zikilala kwenye kabati la halmashauri moja mpaka kamati iliyoziandika ikamaliza muda wake. Kwa hiyo msiishie kuzipeleka. Mwombeni diwani wenu aulize barazani, kwa sauti, zimefikia wapi, na jibu liingie kwenye muhtasari wa kikao. Na siku mkutano mkuu wa kijiji utakapokaa, someni hadharani mapato na matumizi, maana msitu ambao fedha zake hazijulikani zilikokwenda hautapata mtu wa kuulinda.

Kila mwaka tunatangaziwa kuwa halmashauri imepanda miti milioni moja na nusu. Mbona hatuioni?
*Mwalimu, Shinyanga*

Lengo la miti 1,500,000 kwa kila halmashauri kwa mwaka lipo kweli. Tatizo ni kwamba tunahesabu miche siku ya kupanda. Mkuu akishapiga picha na mche wake, nani anarudi mwezi wa nane kuumwagilia? Ningependa taarifa inayosomwa barazani ieleze miti iliyo hai baada ya miaka miwili, na nadhani madiwani wanaweza kuidai kesho wakitaka.

Nanyi Shinyanga mna somo kubwa kuliko la miche. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulirudisha uoto kwa kufufua ngitili, maeneo ya malisho ambayo Wasukuma walikuwa wakiyafunga tangu zamani ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Mizizi ilikuwa bado ipo ardhini, ikahitaji kupumzishwa tu. Dagashida za vijiji, yaani mabaraza ya jadi ya Wasukuma, ndizo zilizosimamia makatazo. Kabla ya kununua miche mingine, halmashauri iulize ni ngitili ngapi zimelimwa au kugawanywa tangu mradi ulipokwisha mwaka 2004.

Tunalipa ushuru wa soko kila siku, taka zinakaa wiki nzima. Tumlalamikie nani?
*Mama lishe, Dar es Salaam*

Kuzoa taka ni wajibu wa manispaa yako, hata kama kazi imepewa mkandarasi. Andikeni barua ya pamoja kwa mkurugenzi kupitia ofisi ya kata, muombe muonyeshwe ratiba ya gari katika mkataba. Maganda na majani yatengeni na plastiki. Kinondoni wana kiwanda cha mboji Mabwepande kinachopokea taka za sokoni, kwa hiyo ganda la ndizi halina haja ya kuishia dampo.

Kiwanda kinamwaga maji yenye harufu kwenye mfereji wetu. Diwani anasema si kazi ya halmashauri.
*Msomaji, Mwanza*

Ni kazi yake pia. Kila halmashauri inatakiwa kuwa na afisa mazingira, na ofisi yake ndiyo iliyo karibu nanyi. Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira hutolewa ngazi ya taifa, kwa hiyo nakala ya barua ipelekeni pia ofisi ya kanda ya taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, ambayo wengi wanaijua kwa jina la NEMC. Sheria ile ile ya 2004, kifungu cha 4, inakupa haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinakuruhusu kuidai. Pigeni picha, andikeni tarehe na saa maji yanapofunguliwa, muombe afisa aje kuchukua sampuli saa hizo. Na nakala yenu ya barua igongwe mhuri wa mapokezi kabla hamjatoka pale dirishani.