Kijumbe wenu ni nani?

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako niliupata Ijumaa, nikaona nisikujibu kwa simu, maana kwenye simu wewe husema "ndiyo mama, ndiyo mama" huku unatafuna. Umeuliza hivi: wenzako kazini wana mchezo wa pesa, upatu, wa laki moja kwa mwezi, watu kumi, kila mwezi mmoja wao anapokea zote. Uingie, au hiyo laki uwe unanunua vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama anavyokushauri rafiki yako wa chuo?

Ile karatasi ya mshahara uliyonitumia nimeisoma kwa miwani ya baba yako. Laki tisa, lakini NSSF wamechukua 90,000 ya pensheni, kodi ya mapato 80,500, Bodi ya Mikopo 135,000, mkononi umebakiwa na 594,500. Hiyo asilimia 15 ya Bodi usiinung'unikie sana. Dada yako alikuwa akikatwa na bado deni likipanda, kwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, na ilipofutwa 2021 alikuwa ameshalia vya kutosha. Lako angalau linapungua.

Sasa nikuambie ninalolisema siku zote, najua umelichoka: pesa ipe jina kabla haijafika. Mwenye nyumba wako wa Tabata anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na kwa 150,000 hiyo ni laki tisa. Kwa hiyo laki unayoniuliza ina jina tayari, jina lake ni kodi ya nyumba. Mchezo unakupa milioni kwa pamoja, sawa, lakini inategemea umeokota namba gani ya zamu. Wa kwanza kupokea amekopeshwa na wenzake tisa bila riba. Wa mwisho ndiye anayewakopesha wote. Vijana mnasema "tunacheza", kumbe kila mmoja yuko upande wake wa deni.

Mimi niliwahi kuokota ya mwisho. Ni mwaka ule tulipoezeka chumba cha nyuma, hicho unacholala ukija. Tulikuwa wanawake wa mtaa wetu wa Mgandini, na kijumbe wetu, yaani mkusanyaji na mgawaji wa pesa, ni huyo unayemwita bibi wa visheti, ila wakati ule visheti hakuwa navyo, alikuwa anashona. Aliyepokea wa kwanza alitoa miezi mitatu, akaingia mitini. Tukasikia yuko Mombasa, mara Lunga Lunga, hatukumwona tena. Nikajua zamu yangu imeliwa.

Siku ilipofika kijumbe akaja na pesa kwenye upindo wa kanga. Nikahesabu mbele yake, zimetimia, hata shilingi haikupungua. Kesho yake nikaenda kununua bati. Haikupita wiki nikampelekea vitenge vyangu, nikakuta pale barazani pamebaki alama nne za miguu ya cherehani kwenye sakafu. Nikamuuliza, akasema iko kwa fundi. Mtu mzima anakudanganya ili usione haya, utafanyaje? Nikasema haya, na vitenge nikavirudisha nyumbani.

Baba yako mpaka leo anasema ningemrudishia nusu. Mimi nasema hapana. Aliahidi atatoa, ametoa, nikimrudishia ni kama namwambia neno lake nililiona dogo. Kisha nalala nikifikiri, nani kasema heshima yake ilikuwa kazi yangu kuilinda, tena kwa cherehani yake? Basi, alipoanza kushonea cherehani ya kukodi, kila kitu cha nyumba hii kilikwenda kwake, hata kisichochanika. Ndiyo sababu ulikuwa na kaptura nyingi kuliko mtoto yeyote wa mtaa wetu. Ulidhani mama yako anapenda kaptura.

Umeniuliza mchezo au vipande, mimi nakuuliza kijumbe wenu ni nani. Ana nini cha kupoteza? Mmoja akiacha kazi kati ya mzunguko, nani anaziba? Wa Mgandini tuliangaliana kila asubuhi, nyinyi mnajuana kwa kundi la WhatsApp na kitambulisho cha shingoni.

Lakini tena najipinga. UTT ni ya serikali, Mfuko wa Umoja upo tangu 2005, pale hakuna wa kukimbilia Mombasa na pesa yako. Ila vipande unaweza kuviuza siku yoyote ya kazi ukitaka, na hapo ndipo ninapokuogopea, kwa sababu nakujua. Binamu yako akipiga simu saa tatu usiku kwa sauti ile yake, utauza. Pesa iliyo mchezoni ina ulinzi: unamwambia "sina, imo mchezoni," na hujasema uongo. UTT hakuna atakayekugongea mlango mwezi ukiruka. Kwenye mchezo watakugongea, na pengine kugongewa ndiko kunakokufaa kwa sasa. Au pengine sivyo, umekua, nisikuhukumu kwa mambo ya Fomu Tatu.

Baba yako ana neno lake kuhusu hatifungani, yaani hati za mkopo, zinazonunuliwa na hiyo mifuko, na riba yake. Hilo mpigie mwenyewe, mimi na yeye tumeshalijadili vya kutosha.

Sikuambii ingia, wala sikuambii usiingie. Ulimi unaniwasha, lakini mshahara ni wako. Ukiniuliza mara ya pili nitasema, kwa hiyo angalia. Kabla ya kuwajibu wenzako nitumie jina la huyo kijumbe na anakokaa, na uniambie kodi yako inaisha mwezi gani hasa, maana hukuandika.

Mama yako