Kuongeza ghorofa juu ya nyumba ya zamani: usisaini kwa macho

Mdogo wangu, unauliza kama wewe mhandisi unaweza kusaini michoro ya ghorofa mbili za nyongeza kwa kuwa mwenye nyumba anasema nguzo "zinaonekana nene" na miaka sita hakuna ufa. Usisaini. Unene wa nguzo haukuambii ndani mna nondo ngapi wala msingi umekalia udongo gani.

Chimbeni pembeni ya misingi miwili mitatu, mpime upana na kina, udongo upimwe maabara, zege litobolewe sampuli. Zege la kukadiria kwa beleshi, maji kwa macho, ndilo huniogopesha kuliko yote. Kisha piga hesabu upya kutoka paa hadi ardhini. Hesabu ikikataa, nguzo na msingi vinaweza kuimarishwa, ila ni ghali, mwambie mwenye nyumba mapema.

Lile jengo la Dar lililoanguka Machi 2013 na kuua zaidi ya watu 30 lilikuwa na kibali cha ghorofa 10, likapandishwa hadi 16.

Mwenye nyumba akitafuta mwingine wa kusaini, mwandikie barua ya kukataa, nakala kwa halmashauri. Hiyo nakala wengi huiogopa. Hata mimi niliwahi kuiogopa.